Shajara ya mradi wa leso: Mlango sijakomea

Jumamosi 5 Aprili 2025

Haya, tumeanza rasmi leo. Nitakuwa naandika hapa kila tukipiga hatua ili nyinyi mliotuma mchango muone pesa zinaenda wapi, na sisi wenyewe tusisahau tulipotoka, manake kazi ikishaisha mtu huona kama ilikuwa rahisi tu.

Kwa wale hawatujui, tuko watano hapa Mombasa, hatuna ofisi, tuna chumba kimoja nyuma kwa shangazi yangu Kibokoni ambacho kilikuwa stoo. Mimi kazi yangu ya kila siku ni kutengeneza kadi za harusi na mabango ya maduka. Tunataka kutengeneza leso, yaani kanga, ya akina mama ambao watoto wao walichukuliwa na hawakurudi. Pwani hili jambo halikuanza jana, huku watu wamepotea miaka na miaka, kijana anatoka kuswali isha anatiwa kwenye gari, basi, ukienda stesheni ya polisi unaambiwa hayuko, ukienda mochari hayuko, ukirudi stesheni wanakuuliza wewe mbona unasumbua. Tangu Juni 2024 na vijana kuingia barabarani kupinga mswada wa fedha ndio bara nao wakaonja kwa wingi. Tume ya taifa ya haki za binadamu, KNCHR, ilihesabu visa 82 vya watu kutekwa kuanzia Juni hadi Disemba mwaka jana, na 29 kati yao mwaka ukaisha bado hawajulikani walipo. Mmoja wa waliochukuliwa Disemba ni yule kijana aliyekuwa akichora vivuli vya rais mitandaoni, yaani kuchora tu, akapatikana Januari.

Mbona leso na si mchoro ukutani? Mwaka 2012 nilikuwa Nairobi nasoma, ndio mwaka tuliamka tukakuta ukuta wa mjini umechorwa tumbusi amevaa suti anamkanyaga mwananchi, kazi ya Boniface Mwangi na wachoraji waliopaka usiku. Juni yake yakabebwa majeneza 49 meusi mpaka Bunge, jeneza moja kwa kila mwaka tangu uhuru. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni na begi langu la shule, mwili ulinisisimka, na nafikiri siku ile ndio niliamua kazi ya mikono yangu haitakuwa kadi za harusi peke yake. Lakini nimefikiria sana tangu hapo. Ukuta si wako, mwenyewe akiamua kupaka chokaa imeisha, na jeneza hulirudishi nyumbani ukaishi nalo. Leso mtu anajifunga akipika, anambebea mtoto, anajifunika akilala, na akifa huenda ikawa ndiyo ya kumfunika. Na askari akiona bango anajua la kufanya, akiona mama amejifunga leso anaenda sokoni atamwambia nini?

Ijumaa 11 Aprili

Sikutaka kuandika leo lakini siwezi kunyamaza. Jana Nakuru wasichana wa Butere walitakiwa kuigiza mchezo wao kwenye tamasha la kitaifa la drama, mahakama ilikuwa imeshaamuru waachiwe waigize, wakafika, hakuna hadhira, mwandishi wao Cleophas Malala, aliyekuwa seneta, ameshikwa asionane nao. Wakaimba wimbo wa taifa wakatoka. Nje wakapigwa gesi ya machozi. Watoto wa shule hawa.

Mmoja wetu alitoka mkutanoni akalia. Yeye ana binti fomu two.

Jumamosi 19 Aprili

Leo ndio tumekutana na akina mama Kisauni mara ya kwanza, walikuja tisa, na mambo yalienda kinyume kabisa na nilivyopanga.

Nilikuwa nimekesha wiki nzima na muundo. Kwenye mji, yaani pale katikati, nilichora ngumi imeinuliwa na mnyororo umekatika, pindo nikazungushia miali kama ya moto, na jina nikaandika TUNATAKA HAKI SASA kwa herufi nene. Nilikuwa naona nimeua. Nikaitandaza karatasi sakafuni, ukubwa wake kamili wa leso, mita moja na nusu kwa moja na kidogo. Kimya. Wakaiangalia, mmoja akazunguka upande wa pili kuisoma tena, halafu yule mkubwa wao, bibi wa miaka sabini na kitu, kijana wake alichukuliwa miaka kumi na moja iliyopita, akaniuliza kwa upole tu, mwanangu, hii nitaivaa wapi?

Nikasema kwenye maandamano bi mkubwa.

Akasema, maandamano ni siku moja. Na siku nyingine zote?

Nikakosa jibu. Akaendelea, hili ulilochora ni bango, limeandikwa kwa serikali, leso haiandikiwi serikali, leso unamwandikia jirani, unamwandikia mke mwenzako, unamwandikia mtu atakayekaa nyuma yako arusini akasoma mgongoni kwako akajua uko na jambo. Serikali ikitaka kusoma nayo itasoma, macho inayo.

Wengine wakaanza kusema wote kwa pamoja. Ngumi hawaitaki, manake ngumi ni ya vijana, wao mikono yao imechoka. Moto hawautaki kabisa, kuna mama mmoja nyumba yake ilichomwa. Mwingine akasema jambo ambalo limenikaa mpaka sasa naandika usiku, kwamba yeye hasemi mtoto wake amekufa wala hasemi yuko hai, hajapewa ruhusa ya kusema lolote kati ya hayo mawili. Hakuna matanga, hakuna eda kwa mke aliyeachwa, hakuna mirathi, hakuna hata ile watu kuja kukupa pole, watakupa pole ya nini. Sasa leso ya msiba haimfai na leso ya furaha haimfai.

Nikauliza basi usiku unafanyaje mama, si kwamba nilikuwa natafuta jina la leso wallahi, niliuliza tu. Akasema mlango wa uani huwa hakomei. Mume wake hugombana naye kila siku kuhusu wezi. Mtoto alikuwa akipitia pale akichelewa.

Wanawake watatu wengine wakasema na wao hawakomei.

Nimerudi nyumbani na karatasi yangu imekunjwa. Kazi ya wiki nzima imeenda na sioni uchungu wowote.

Jumapili 27 Aprili

Tumepata jina, na limechukua siku nane.

Tulianza na MLANGO SIJAUKOMEA MWANANGU YUKO NJIANI. Akina mama wakalipenda hapo hapo, lakini bi mkubwa akasema lipelekwe kwa mzee mmoja mtunzi, jirani yao, alitunga mashairi ya redio zamani, alisikize. Tukaenda leo baada ya alasiri. Akafumba macho, akahesabu kwa vidole kwenye goti, akasema kipande cha kwanza kina mizani tisa na cha pili nane, kinachechemea. Toeni hiyo u. Mlango sijakomea, nane. Mwanangu yuko njiani, nane. Sasa linatembea. Tukamwuliza na vina je, akasema leso si shairi zima msiitese, iwekeni mizani tu mtu aweze kuisema kwa pumzi moja.

Mtu anaweza kuona ni upuuzi kuhesabu mizani wakati watu wanatafuta watoto wao. Mimi naona kinyume chake. Neno likikaa sawa mdomoni linasemwa tena na tena, na huku kwetu ndivyo upinzani ulivyosafiri siku zote. Muyaka wa Mombasa alikuwa akitupiana mashairi na maadui wa mji karne mbili nyuma, mashairi yakipokezanwa mdomo kwa mdomo. Siti binti Saad kule Unguja aliuimba ule wimbo wa Kijiti, wa mwanamke aliyeuawa, muuaji akakimbilia bara na waliotoa ushahidi wakafungwa wao, mahakama ya mkoloni ikahukumiwa kwenye sahani ya santuri na mwanamke aliyezaliwa na wazazi watumwa. Na Abdilatif Abdalla mzaliwa wa hapa hapa Mombasa, alikuwa na miaka ishirini na kitu alipoandika karatasi ya kuuliza Kenya Twendapi, akafungwa kuanzia 1969 hadi 1972, muda mwingi peke yake, na kule ndani akatunga kwa bahari na mizani zake zote, kwenye karatasi za choo. Mashairi yale yakatoka kitabu, Sauti ya Dhiki, 1973. Mzee leo ametusomea moja kwa kichwa, hakuangalia popote, na sauti ikamkatika katikati akanyamaza tukanyamaza naye.

Basi jina ndilo hilo.

Jumamosi 10 Mei

Rangi na uchapaji. Hii nitaandika kwa urefu kwa sababu kuna watu wa Malindi na Tanga wameuliza tunafanyaje.

Mwanzo tulitaka kuchapa kiwandani. Sehemu ya kwanza kiwango chao cha chini ni maelfu ya vipande, hatuwezi. Sehemu ya pili, karakana ndogo, walikubali, tukawatumia muundo, wakanyamaza siku nne, halafu mtu akapiga simu akasema bosi anaona hii ni siasa. Nikamwuliza ni neno lipi la siasa hapo. Akasema hakuna neno, ila anaelewa. Sitataja ni nani na msinilazimishe, mtu ana watoto wa kulisha na woga wake una sababu. Ila mimi nilitoka kwenye ile simu nikijua jina letu linafanya kazi.

Kwa hivyo tunachapa wenyewe kwa mkono. Leso zenyewe asili yake ni mikono, wazee wanasimulia kwamba mabibi wa zamani walikuwa wakinunua vile vitambaa vya mkononi, leso za Kireno, wanaunga sita, tatu juu tatu chini, ndio jina likabaki hadi leo. Kuandika maneno kulikuja baadaye, mwanzo wa karne iliyopita, na watu wengi wanampa sifa hiyo Kaderdina Hajee Essak, maarufu Abdulla, hapa hapa Biashara Street, ile Mali ya Abdulla unayoiona kwenye pindo, duka lake la tangu 1887.

Rangi tulibishana mpaka usiku. Rangi ya chungwa hapana, manjano hapana, kijani hapana, zote zitasomwa chama na huo utakuwa mwisho wetu. Mimi nilitaka nyekundu nyeusi nyeupe. Akina mama wakakataa, hizo ni rangi za kisutu, kisutu ni ya bi arusi, mtu akimwona kwa mbali atampa hongera. Tukaishia buluu iliyoiva sana karibu na nyeusi, juu ya bafta nyeupe. Rangi moja tu, na kwetu ni nafuu pia kwa sababu skrini ni moja. Mji wake ni mlango wa mbao, ubao mmoja uko wazi, na kizingitini champali, viatu vile vya wazi, jozi moja. Pindo ni korosho, ile ya kawaida kabisa, bi mkubwa ndiye aliyeshikilia, anasema mtu akiiona kwa mbali aione ni leso, asogee ndio asome.

Sasa skrini. Fremu ya mbao, kile kitambaa chembamba unakivuta mpaka ukikigonga kinalia, unakipaka dawa gizani, unaacha ikauke, unaweka mchoro wako mweusi juu, unakipiga jua. Palipo na mwanga panakuwa pagumu, palipozibwa na mchoro panabaki laini, ukimwagia maji panatoka, hapo ndipo rangi itapita. Jua la Mombasa ni kali, adhuhuri dakika chache zinatosha, ukizubaa umeharibu. Lakini sisi tumeangukia mvua za mwaka. Wiki mbili dawa haikauki, hewa yote ni maji, skrini tatu zimechubuka kama ngozi iliyoungua. Tumeazima feni, tumefunga chumba, shangazi amepika mbele ya nyumba siku tatu bila kulalamika ili tusifungue ule mlango, Mungu amlipe.

Jumapili 18 Mei

Skrini imekubali. Mlango umetoka vizuri sana hadi mishipa ya mbao. Tukachapa vipande vya kwanza, tukapiga pasi, tukafua, rangi ikatoka ikabaki kivuli.

Kosa letu. Bafta mpya inakuja na kanji, lazima uifue kwanza iishe kabisa ndio uchape. Mita tisa zimeharibika, ni pesa zenu na naziandika hapa. Tumefua kitambaa chote kilichobaki, kamba za uani zimejaa, na mvua bado.

Alhamisi 29 Mei

Jana Ngũgĩ wa Thiong'o amefariki, huko Georgia Marekani, miaka 87.

Leo tulikuwa tufue vipande vya majaribio, tukakaa tu tunazungumza habari za Kamĩrĩĩthũ. Vijana wawili kati yetu walikuwa hawaijui, wanamjua Ngũgĩ wa vitabu vya mtihani. Nikawaeleza kwamba mwaka 1977 wanakijiji wa pale Limuru, wafanyakazi wa mashamba ya chai na kiwanda, walijenga ukumbi wa wazi kwa mikono yao wakaigiza mchezo ulioandikwa na Ngũgĩ na Ngũgĩ wa Mĩriĩ kwa Kikuyu. Serikali ikazuia baada ya wiki chache. Tarehe 31 Disemba wakaja kumchukua usiku, akakaa jela ya Kamiti karibu mwaka mzima, na kule akaandika riwaya kwenye karatasi za choo. Jela ile ile, karatasi zile zile za Abdilatif, miaka michache baadaye. 1982 ukumbi wenyewe ukabomolewa na askari.

Kilichonifanya niandike lakini ni kitu kingine. Ngũgĩ mwenyewe alisimulia kwamba walipowasomea wanakijiji ule mchezo, wanakijiji waliusahihisha. Mzee hawezi kusema hivi mbele ya mkwe, mfanyakazi hazungumzi hivi, wimbo huu hauimbwi namna hiyo. Wao ndio waliokuwa wakiishi yale maisha na wakairekebisha lugha ya mwandishi mkubwa, naye akakubali. Nilipoisoma habari hii zamani niliona ni unyenyekevu wake tu. Sasa baada ya Kisauni naona ndiyo kazi yenyewe. Nafikiri hata serikali iliogopa hapo, manake mwandishi unaweza kumfunga, lakini kijiji kizima kinachojua mistari yote utakifunga wapi.

Jumamosi 14 Juni

Tumechapa vipande 34. Mikono inauma, mabega yanauma, chumba kinanuka rangi. Tunaweka kitambaa juu ya meza yenye blanketi, mmoja anashika skrini, mmoja anavuta ule mpira wa kusukumia rangi, mara mbili tu, ukivuta mara ya tatu herufi M inazibika.

Wiki imekuwa nzito. Albert Ojwang, mwalimu, alikuwa akifundisha huku kwetu Taita Taveta, alikamatwa nyumbani Homa Bay kwa ajili ya maneno ya mtandaoni, akapelekwa Nairobi, akafia mikononi mwa polisi. Mwanzo tuliambiwa amegonga kichwa chake ukutani. Madaktari waliopima mwili wakasema si hivyo.

Basi juzi kijana wetu mdogo kuliko wote alirusha kitambaa chini akasema leso ni upole mno, tuandike majina ya waliotenda, tuandike wauaji, mlango na champali vitamtisha nani. Sikumgombeza, hasira yake ni ya haki na mimi ninayo. Tulizungumza mpaka usiku wa manane. Nikamwambia habari za akina mama wa Plaza de Mayo kule Buenos Aires. Tarehe 30 Aprili 1977, wanawake 14 walikwenda kusimama mbele ya ikulu kuuliza watoto wao wako wapi, wakati wanajeshi wanatawala na hakuna anayethubutu kufungua mdomo. Askari wakawaambia hairuhusiwi kukusanyika, tembeeni, basi wakatembea, wawili wawili, wakizunguka uwanja. Kila Alhamisi wakazunguka. Kichwani wakajifunga kitambaa cheupe wapate kujuana, na vya kwanza vilikuwa nepi za watoto. Nepi. Baadaye wakavidarizi. Hawakuwa na silaha nyingine, na ile nguo imekuwa alama inayojulikana dunia nzima.

Akaniuliza na walipata watoto wao? Nikamwambia ukweli, wengi hapana. Na watatu wa waanzilishi wenyewe walitekwa Disemba ya mwaka ule ule, akiwemo Azucena Villaflor aliyeanzisha, mifupa yake ikatambuliwa 2005. Lakini baadhi ya wale majenerali walikuja kufungwa, na mahakamani watu wote walijua cha kuuliza kwa sababu swali lilikuwa limezunguka uwanja ule miaka yote.

Leo asubuhi amekuja wa kwanza kabla sijafungua. Amechapa vipande 11 peke yake. Anasema bado hakubaliani nami, na atachora yake ya majina akimaliza, na nimemwambia nitamsaidia skrini.

Alhamisi 26 Juni

Jana mwaka mmoja umetimia tangu yale maandamano ya mswada wa fedha. Watu wamekufa tena barabarani. Televisheni ziliamriwa zizime matangazo ya moja kwa moja. Hatukuchapa. Akina mama walitupigia simu mmoja mmoja kutuuliza kama tumefika nyumbani.

Jumapili 20 Julai

Vipande 80 vimekamilika, ni jozi 40. Tulipanga 100, hatukuweza.

Hesabu: bafta mita 139 kwa shilingi 180 kila mita, jumla 25,020, na hapo ndani ziko zile tisa zilizoharibika. Rangi 11,500. Dawa, mbao na kitambaa cha skrini 6,200. Nauli na chai za akina mama 4,800. Tumetumia 47,520. Michango yenu kwa simu ilikuwa 48,950. Tumebaki na 1,430. Sisi watano hatujajilipa na hatudai, tulikubaliana hivyo.

Hatuuzi. Wengi mmeomba kununua hasa mlioko ng'ambo, na tuliwauliza akina mama. Walisema jozi hizi 40 ni za wenye mlango kwanza.

Jumapili 31 Agosti

Jana ilikuwa siku ya kimataifa ya waliopotezwa, tarehe 30 Agosti.

Hatukufanya maandamano. Kifungu cha 37 cha katiba kinaturuhusu na cha 33 kinataja kabisa uhuru wa ubunifu wa sanaa, tungeweza kupeleka notisi stesheni siku tatu kabla na yote, lakini akina mama hawakutaka. Walitaka kwenda sokoni. Basi saa tatu asubuhi wakashuka kwa matatu kutoka Kisauni, Likoni wakavuka na feri, wengine Majengo wakaja kwa miguu, 31 wote, wamejifunga leso moja kiunoni na moja kichwani, wakaingia Marikiti kununua vitu vyao. Nazi, mbaazi, bizari. Wakatawanyika, wawili huku watatu kule.

Ilichukua kama nusu saa. Muuza viungo mmoja akasoma jina mgongoni kwa mama, akasoma tena mgongoni kwa mwingine, akaacha mizani yake. Akauliza, hii leso ya nini, naona wengi. Yule mama akamjibu, ya mwanangu. Akataja jina la mwanawe na mwaka. Basi. Hakueleza zaidi. Nikasikia upande wa pili wa soko sauti nyingine inataja jina na mwaka. Halafu nyingine. Hakuna aliyepanga hilo, nawaapia, sisi tulikuwa tumesimama na kamera tumeduwaa, na kamera yenyewe nikaishusha.

Kuna mwanamke muuza mboga alitoka nyuma ya meza yake akamshika bi mkubwa mkono akamwambia wangu ni kaka, 2012, sijawahi kumwambia mtu hapa. Wamekaa wote kwenye kreti za nyanya muda mrefu.

Askari wa kaunti walipita. Wakasoma. Mmoja wao alisimama akaisoma vizuri mpaka mwisho, akaenda zake.

Jumapili 7 Septemba

Mambo madogo ya kumalizia na kazi mpya.

Jozi tisa zilizobaki zote zimechukuliwa, mbili zimekwenda Kwale, moja Lamu, sita kwa watu tuliokutana nao sokoni. Yule muuza mboga amepata. Mama asiyekomea mlango wa uani amejifunga kipande kimoja na cha pili amekitundika pale mlangoni kama pazia, mume wake ndiye aliyepiga misumari.

Skrini yetu imechanika pembeni na ingebidi tutengeneze nyingine hata hivyo, lakini limetokea jambo. Mwanamke mmoja wa Kwale, bado kijana, ana watoto wawili, amepiga simu. Amesema leso ameipenda ila si ya kwake, yeye aliyechukuliwa ni mume, kila akiivaa watu wanampa pole ya mtoto na watoto wake wako hapo wanasikia. Je anaweza kuandikiwa mume wangu. Tumekwenda tena kwa mzee. Akahesabu kwenye goti. Mume wangu yuko njiani ni tisa, akasema, itachechemea, badilisheni yuko iwe yu. Mume wangu yu njiani. Nane.

Na dada mwingine anataka ya ndugu yangu, nayo ni hivyo hivyo, yu.

Kwa hivyo tunatengeneza skrini mbili Jumamosi ijayo, mlango na champali zibaki zile zile, ila champali za mume bi mkubwa amesema ziwe kubwa kidogo. Mwenye feni ya kuazima tena atuambie, mvua za vuli haziko mbali.